Kuruti wa Miaka Sitini na Mbili

Siku Bi Mashine alipompa dada yake hongera kwa kuteguka mguu, hakujua kama amekosea. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki nje ya chumba cha kusagia, mashine imezimwa ili chekeche libadilishwe, unga umemganda kwenye nyusi, simu kaibana sikioni. Dada yake aliishi mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kila siku saa tisa mchana alimpigia. Siku hiyo alisema jambo kuhusu ngazi, kisha kuhusu mguu. Bi Mashine akasikia nguo.

"Hongera, dada!" alisema kwa furaha ya kweli. "Vaa kwa afya. Mungu akuongezee na nyingine."

Upande wa pili simu ikakatwa. Kesho yake saa tisa ikafika, ikapita. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya nne ikaingia meseji kutoka kwa binti wa dada yake: *Mama mdogo, shikamoo. Mama kalala, mguu umevimba, lakini kinachomuuma zaidi si mguu. Anasema ulimwombea aanguke tena.*

Aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili machozi yakamlengalenga. Kisha akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akaitazama simu kwa jicho baya. "Kumbe mchonganishi ni wewe," akaiambia.

Jina hilo la Bi Mashine alilipata kwa haki. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwasagia watu nafaka, kwanza kwa mashine ya kukodi, kisha kwa mbili zake mwenyewe. Mikanda alibadilisha kwa mkono wake, nyundo za ndani zikichakaa alizigeuza, na mota ikianza kulia vibaya aliweka kiganja juu yake kama mganga anayepima homa, akajua ugonjwa. Humo chumbani hapakuwa na mazungumzo. Mteja alinyoosha vidole viwili, maana yake asagiwe mara mbili. Akisugua kidole gumba na cha shahada, anataka laini. Mwenye la ziada alipiga kelele karibu na shavu lako au alingoja mashine izimwe. Mle ndani kila mtu alikuwa kiziwi, kwa hiyo kiziwi hakuonekana.

Nyumbani ndiko mambo yalikoanza kumwendea upande. Wajukuu waliomba maji akawaletea mkasi. Redio aliifungua mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna sherehe. Kila alipoambiwa jambo alilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea wamefumba midomo, kana kwamba maneno yanauzwa.

Basi akaichukua simu yake, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa mkwewe.

Mkwewe alikuwa fundi simu. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu ukimpelekea simu iliyozama majini ukitaka urudishiwe jioni, alikwambia uje Jumatano. Kibanda chake kilikuwa na meza yenye kioo juu, taa ya kichwa cha mviringo yenye lenzi katikati, vibano vya kila unene, na sanduku la vioo vilivyopasuka. Miaka minane alikuwa amemwoa binti wa Bi Mashine, na kwa miaka hiyo minane yeye na mama mkwe hawakuvuka shikamoo, marahaba na habari za watoto. Waliheshimiana mpaka wakawa hawajuani.

"Shikamoo, mama," alisema akisimama haraka, kibano bado mkononi.

"Marahaba, baba. Kaa. Leo sikuja kama mkwe, nimekuja kama mteja."

Hakukaa. Bi Mashine akaifungua simu kwenye kitambaa. "Sauti yake ndogo. Iongeze."

Taratibu akaipima, akaweka sikioni, akapiga namba moja akasikiliza, akatoa vumbi kwenye tundu la sauti kwa brashi. Mwisho akasema, "Mama, imefika mwisho. Kikomo hiki kimewekwa kiwandani."

"Simu ni ya kiwanda au ni yangu?"

"Ni yako. Ila mle ndani wewe ni mpangaji. Utapanga viti, utabandika picha ukutani, lakini kutoboa ukuta huruhusiwi."

"Nimeinunua kwa jasho langu, halafu niwe mpangaji?"

Fundi alikuna kidevu. Ungeweza kuona kwamba anapima kama aseme au ameze. "Ipo njia," alisema. "Sisi tunaita kuruti."

"Kuruti? Kwani inakwenda jeshini?"

Taratibu akacheka. Kicheko chenyewe kilimtoka kwa ghafla mpaka akaziba mdomo, na Bi Mashine akashangaa kuona kwamba mkwewe ana mwanya. Miaka minane!

"Si kuruti wa jeshini, mama. Ni neno la Kiingereza, root, maana yake mzizi. Simu hizi za Android, chini kabisa, zina mtumiaji mmoja anayeitwa mzizi. Huyo ndiye mwenye nyumba. Anaweza kugusa kila kitu, hata vile vikomo vya sauti. Mimi na wewe tumepewa nyumba bila funguo zake. Kuruti ni kuzitafuta hizo funguo."

"Zitafute basi."

"Ngoja kwanza." Akavuta kiti, sasa akakaa. "Dhamana ya kiwanda itakufa. Programu ya benki inaweza kugoma, maana kwake simu ya namna hiyo ni nyumba isiyo na komeo. Tena kufuli la kwanza likifunguliwa, kila kilichomo kinafutika, picha, meseji, namba za watu. Na tukikosea, itakuwa tofali."

"Tofali?"

"Haiwaki, haisemi. Labda uwekee mlango usifungwe na upepo."

Bi Mashine alikumbuka mwaka ambao mafundi wa mota walimfungia kazi wiki mbili, kila siku wakimwambia kesho, mpaka akanunua spana zake mwenyewe akajifunza kufungua. "Nakubali," alisema. "Ila usinifanyie. Nifundishe. Nikiharibu, niwe nimeharibu mimi."

Somo la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba alidhani anataniwa. Aliambiwa aingie kwenye mipangilio, ashuke mpaka chini panapoandikwa habari za simu, atafute namba ya toleo, aiguse mara saba. Akaigusa, akihesabu kwa sauti. Kwenye saba kioo kikaandika kwamba sasa yeye ni msanidi programu.

"Hivi tu?" aliuliza. "Na watu wanakaa vyuoni miaka minne?"

"Hiyo ni kadi ya kuingilia getini, mama. Bado hujafika darasani."

Taratibu akamwonyesha sehemu mpya iliyofunguka, na ndani yake swichi ya kuruhusu kufuli lifunguliwe. Kisha wakapeleka maombi kwa watengenezaji kupitia mtandao, na jibu likaja kwamba wasubiri siku saba. Bi Mashine aliona ni dharau. Mkwewe aliona ni sawa kabisa. "Wanataka mtu apoe," alisema. "Wengi wanaomba wakiwa na hasira."

Siku hizo saba Bi Mashine alifunga mashine saa kumi, akajipangusa unga, akaenda kibandani na daftari la shule lenye mistari mipana. Alinakili namba za watu zote kwa mkono, mia moja na kumi na nne, ingawa Taratibu alimwambia kompyuta inaweza kuzihifadhi kwa dakika moja. Picha alikubali zihamishwe kwa waya. Alinakili hata ile namba ya toleo, ndefu kama jina la dawa, herufi kwa herufi na nukta zake. "Kwenye kazi yangu," alisema, "beringi ya namba sitini na mbili mbili si ya sitini na mbili tatu. Zinafanana kama mapacha, lakini ukikosea, shafti inakuja kukutembelea."

Walikunywa chai ya dukani kwenye vikombe vya bati. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuzungumza: baba yake Taratibu aliyekuwa fundi wa kupaka rangi, jinsi binti wa Bi Mashine anavyokoroma na kukana, na mtoto wa pili anayekula chaki. Bi Mashine alikuja kugundua jambo. Mkwewe hakuongea akiwa ameinamia kazi. Alipotaka kumwambia neno aliweka kibano chini, akainua uso, akamtazama, ndipo akasema. Na alisema bila haraka, kila neno likiwa zima. Hakuwahi kuombwa afanye hivyo.

Siku ya tano alimwangalia kwa muda akasema, "Mama, umewahi kupima..." Akakwama. "...betri?"

"Betri nzima," alijibu Bi Mashine, na wote wawili wakatazama vikombe vyao.

Kwa dada yake alituma meseji moja tu: *Dada, simu ilinidanganya. Naitengeneza. Nitakupigia mwenyewe.* Jibu lilikuwa neno moja, *Sawa*, na sawa ya mkubwa wako aliyekasirika ni nzito kuliko tusi.

Siku ya nane aliwaachia mashine wasagaji wake wawili, akaenda kibandani asubuhi. Simu ikachajiwa ikajaa. Ikazimwa, ikawashwa kwa kubana vitufe viwili pamoja, ikaingia kwenye kioo cheusi chenye maandishi madogo. Waya ukaunganishwa na kompyuta. Taratibu akaandika mstari mmoja, akamsogezea kompyuta. "Kitufe cha kuthibitisha ni chako."

Simu ikauliza kwa mara ya mwisho kama ana hakika, kwamba vyote vitafutika. Bi Mashine akavuta pumzi, akabonyeza kitufe cha sauti kuchagua ndiyo, kisha cha kuwashia. Kioo kikazima. Kilipowaka, simu ilimkaribisha kama mtu ambaye haijawahi kumwona.

"Imenisahau," alisema.

"Imekusahau, ila mlango uko wazi."

Hatua iliyofuata ndiyo yenyewe. Kila simu ina faili dogo la kuwashia, linalosomwa kwanza kabla ya yote. Taratibu alikuwa ameshalipakua la simu hiyo na kulipitisha kwenye programu inayolitia ule mzizi. Akalirudisha kwenye simu kupitia waya. Ikawaka, nembo ikatokea, ikazima. Ikawaka tena, nembo, ikazima. Mara ya tatu, ya nne. Fundi viatu wa kibanda cha pili, aliyekuwa akifuatilia mambo haya wiki nzima huku akipiga misumari, aliacha nyundo hewani.

Taratibu alitokwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kuharakisha, vilianza kupapasa meza. "Mama, nisamehe," alisema, na safari hii alisema akiwa ameinama, kwa hiyo Bi Mashine hakusikia neno, lakini uso aliuelewa.

"Acha kugusa," alimwambia. "Mkanda ukichomoka hupigi mota. Unazima, unaanza na mkanda. Nisomee namba ya hilo faili uliloweka."

Akainua kichwa, akasoma. Bi Mashine akafuata kwa kidole kwenye daftari lake. Kwenye herufi ya tisa akasimama. "Wewe una B. Mimi nina D."

Fundi akachukua lile daftari, akalitazama, akaitazama kompyuta. Iliyotakiwa ilikuwa D. Alikuwa amepakua faili la toleo la jirani, pacha aliyetofautiana kwa herufi moja. Hakujitetea. Alitafuta la D, akalipitisha upya, na wakati wa kulirudisha akamwomba mama mkwe asome namba kwa sauti huku yeye akifuata, herufi kwa herufi. Nembo ikatokea. Ikakaa. Ikapita. Simu ikawaka kama simu.

Fundi viatu alipiga makofi. "Huyo mama mwajiri, Taratibu!"

Sasa kilichobaki kilionekana chepesi. Programu ya sauti ikawekwa, na ilipotaka kugusa vikomo likatokea dirisha dogo likiuliza: ipewe ruhusa ya mzizi? Bi Mashine alilisoma mara mbili, akasema, "Asante kwa kuniuliza," akagusa kukubali. Taratibu akapandisha sauti ya simu kupita pale kiwanda kilipoishia, si sana, kwa sababu spika ikilazimishwa hupasuka. Akatoka nje hatua ishirini, akampigia.

Sauti ilikuja kubwa, kubwa mno. Lakini maneno yalikuwa yamechanganyika kama unga uliosagwa na pumba zake. Alisikia kwamba mtu anaongea, akasikia kwamba ni mwanamume, akasikia hata upepo. Alichosema hakukisikia.

Taratibu akarudi. "Nimesema nini, mama?"

"Umesema... umesali kwa babu?"

"Nimesema sasa ni saa tatu."

Hakucheka. Alikaa, akafikiri kwa muda mrefu kwa namna yake. Kisha akasema kwamba programu hiyo inaweza pia kuchagua aina ya sauti ya kupandisha, nzito au nyembamba, lakini lazima ajue ipi ipande. Atapiga milio, moja baada ya nyingine, naye amwambie anapoisikia.

Mlio wa kwanza ulikuwa mzito kama mota yake ya zamani. "Huo," alisema. Wa pili, akausikia. Wa tatu, akausikia kwa mbali. Wa nne ukaja, au alidhani unakuja. Taratibu aligusa kioo, akamtazama.

"Weka basi," alisema Bi Mashine.

"Nimeweka, mama."

Akagusa tena, juu zaidi. Kimya. Juu zaidi. Masikioni mwake kibanda kilitulia, mara fundi viatu akaruka kwenye kigoda chake amebana masikio kwa viganja. "Taratibu, zima hicho kitu! Kinatoboa ubongo!"

Bi Mashine alimwona akipiga kelele. Aliitazama simu iliyokuwa imelala mezani, kimya kama jiwe, ikitoa mlio ambao mtu wa kibanda cha pili hawezi kuuvumilia. Akamtazama mkwewe, naye akashusha macho kwenye kioo cha meza.

Watu wakapita barabarani, mmoja akauliza bei ya chaja, hakujibiwa, akaondoka.

"Sema tu, baba," alisema Bi Mashine mwishoni. "Simu ni nzima."

Taratibu akainua uso ili aonekane mdomo. "Simu ni nzima, mama."

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu harusi. Shehe aliuliza kama unaridhia, ukamwambia choo kiko nyuma."

Bi Mashine alimkazia macho, kisha tumbo likaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika meza, na vioo vilivyopasuka vikacheza sandukuni. Machozi yalipomtoka hakuyafuta upesi, kwa kuwa si yote yalikuwa ya kicheko. Miaka minane mtu huyu amebeba siri yake kwa heshima, na yeye alidhani hana la kusema.

"Basi itengeneze kwa masikio yaliyopo," alisema.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote. Walipanda kwa milio midogo midogo, sikio la kulia kisha la kushoto, Taratibu akiandika kwenye lile daftari alama za mahali mama mkwe anaposikia, mahali anaposikia kidogo na mahali pasipo na kitu. La kulia lilikuwa na uhai zaidi. Akazipandisha sauti nyembamba, zile za s na f na sh, akazishusha nzito zilizokuwa zikizifunika, akatoka tena hatua ishirini, akapiga.

"Mama, shati lako lina unga mgongoni."

Bi Mashine akajipangusa mgongo.

Saa tisa mchana, pale pale kibandani, akampigia dada yake. Iliita muda mrefu, kama anayepigiwa anaitazama tu. Kisha ikapokelewa.

"Haya," ilisema sauti. Na alisikia hata pumzi iliyoitangulia.

"Dada, shikamoo. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Leo umesikia kwamba ni mguu?"

"Nisamehe. Nilikwambia simu ilinidanganya, na hilo nalo halikuwa kweli. Masikio yangu yamekwenda, dada. Mashine imeyala. Nilikuwa naitikia tu nikibahatisha, na siku nyingi nilipatia. Siku hiyo nikakosa."

Taratibu alijifanya anatafuta kibano chini ya meza.

"Unajua kwa nini nilianguka ngazini?" dada akauliza hatimaye. "Sikuiona ngazi. Mwaka mzima huu naona ukungu, na nawaambia watoto balbu za siku hizi hazina mwanga."

"Hee!"

"Ndiyo hivyo. Mimi macho, wewe masikio. Mama yetu alizaa wawili, tukiungana labda atapatikana mmoja mzima."

Waliongea karibu saa nzima na chaji ikateremka hadi robo. Kabla ya kukata waliahidiana: mmoja aende akapime macho na mwingine masikio, wiki hiyo hiyo, na atakayekwepa asipokelewe simu.

Programu ya benki iligoma kweli, kama alivyoonywa. Ilifunguka, ikanusa, ikaandika kwamba simu hii haiaminiki. Bi Mashine alijibu kwamba hata yeye haiamini benki sana, akaihamishia kazi hiyo kwenye simu ya vitufe ya marehemu mumewe. Hospitalini alikwenda na binti yake upande mmoja na mkwe upande mwingine. Mpima masikio, dada mmoja mwenye miwani, alipomaliza vipimo vyake, Bi Mashine alimwonyesha daftari. Alilitazama akalinganisha na karatasi yake, akauliza ni kituo gani kilichompima kwanza.

"Kibanda cha simu," alisema Bi Mashine.

Alielezwa kwamba kilichokufa hakitarudi, ila kifaa cha sikioni kitamsaidia, na kwamba sikio la kulia linaweza kubaki lilivyo kwa miaka mingi iwapo litakingwa na kelele. Alisikiliza kwa makini. Alirudi kifaa kikiwa kimeagizwa, na kabla hata ya siku ya kukichukua alipita dukani akanunua vikinga masikio vitatu, vile vikubwa vya mafundi wa barabara.

Wasagaji wake wawili waliviona wakaangua kicheko. Mmoja alivaa, akazunguka akicheza kama rubani. Wa pili, binti mwenye miaka ishirini na minne na kiburi cha umri huo, alisema vinabana, vina joto, na yeye masikio yake hayana shida yoyote.

"Najua hayana," alisema Bi Mashine.

Wateja walikuwa wamejipanga na ndoo zao mpaka nje. Akaenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Mashine zote mbili zikapunguza mbio, zikaguna, zikanyamaza. Akavuta kiti chake cha plastiki, akakaa chini ya swichi, akakunja mikono, akawaambia wateja wawe radhi, kazi itaendelea binti atakapovaa.

Alivaa.